Don Fremio na Mafuta Yake ya Kuchua

"Don Fremio, kiwiko kikiuma si kinapumzishwa?"

Nilikuwa na miaka minane, nimempelekea kaka yangu Yeral maji uwanjani. Don Fremio, aliyejifanya kocha wa besiboli wa kila mvulana hapa Consuelo, mji wetu wa Jamhuri ya Dominika, alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Msikieni daktari. Bibie, kiwiko ni bawaba. Kikilia, kinatiwa mafuta."

Na kweli alikitia. Mafuta ya kuchua yanayonuka kafuri ndiyo yalikuwa elimu yake yote. Mwenyewe hakuwahi kucheza ligi yoyote, ila akianza kusimulia, ungedhani Wamarekani walivuka bahari kuja kumbembeleza. Kila kijana aliyesajiliwa na timu za Marekani alimmegea fungu la pesa zake, kwa hiyo Don Fremio hakuona watoto pale uwanjani, aliona mikono ya kulia.

Yeral alikuwa na miaka kumi na sita, na huku kwetu mrushaji akifika kumi na nane hajasajiliwa anaitwa babu. Basi wasaka vipaji walipokuja wiki ile na kidude chao cha kupima mwendo wa mpira, kiwiko chake kilikuwa kimevimba hata kijiko hakifiki mdomoni. Mama ndiye aliyemlisha ndizi za kuponda.

"Ukikunja uso tu, wanaita mwingine," Don Fremio alimwambia huku akimchua. "We tabasamu."

Yeral akatabasamu, akarusha. Akatabasamu tena, akarusha. Kisha kitu kikalia ko ndani ya mkono, hata mimi nyuma ya wavu nikakisikia, na mpira ukaanguka karibu na miguu yake. Wageni walikwishamgeukia kijana aliyefuata.

"Mkono anao, moyo hana," Don Fremio akawaambia, kama mtu anayeomba radhi kwa bidhaa mbovu.

Leo Yeral anabeba abiria kwa pikipiki, na ule mkono haunyooki. Don Fremio bado yuko uwanjani na kafuri yake, anachua viwiko vya watoto wengine.

Juzi nilimkuta na mwanawe Melkis, wa miaka kumi na tatu, mwenye mkono mrefu kuliko wenzake wote. Baba yake hajawahi kumruhusu awe mrushaji. Mtoto alisema kiwiko kinamvuta kidogo tu. Baba mtu akamvua glavu, akamfungia barafu, akamkalisha kivulini mpaka mazoezi yaishe.

Nikamuuliza tena swali langu lile lile. Safari hii hakucheka.

"Huyu ni wangu," alisema.