Paa la Mama Mkwe

Landirova ilipita. Haikusimama, haikupunguza hata mwendo. Nilikuwa barazani kwangu Kashaulili, mguu kwenye cherehani, nikawaona Wazungu wanne wakipitishwa mbele ya macho yangu, na dereva wao Manyanda kageuza uso upande wa pili. Ng'ambo ya barabara Pudensiana alikuwa amesimama getini kwa gesti yake na kanga mpya. Maji ya kuoga yanachemka, kuku kashachinjwa. Vumbi likamfunika yeye na kibao chake. Nikabaki mdomo wazi, sindano ikanichoma kidole.

Pudensiana huyo ni Mpimbwe, jirani yangu. Alipokwenda benki kuomba mkopo, walimwambia alete mume atie saini, na mume ndiyo kwanza alikuwa ametoka kumzika. Akauza wali stesheni kwa abiria wa treni ya Tabora mpaka nyumba ikasimama. Mwanamke mwenye gesti, basi tena! Hata kwenye jumuiya ya kanisa watu walimpa majina ambayo sitayarudia. Yeye akajibu kwa kibao kikubwa cha rangi nyekundu: GESTI YA PUDENSIANA. Kufikia mwaka tisini na sita, Wazungu waliokwenda kuona viboko Sitalike walilala kwake kabla ya kuingia mbugani.

Sasa elewa jambo moja. Mgeni hachagui kitanda, anayechagua ni dereva. Kampuni iliyomwajiri Manyanda ilitaka dereva alale pale wanapolala wageni, na Manyanda, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao, alikuwa amezoea vyumba vya Pudensiana na wali wake. Akamzoea na binti yake, Angela. Walipofunga ndoa parokiani tulicheza mpaka visigino vikauma. Pudensiana aliniinamia sikioni, "Mama Venant, sasa wageni wamekuwa ndugu."

Halafu, safari ya kwanza baada ya harusi, ndugu hao wakapita na vumbi lao.

Tuliwafuata hadi gesti ya Gelasius, karibu na soko. Manyanda alipomwona mama mkwe wake tu, aliruka nyuma ya tanki la maji kama aliyeona nyoka. Ikabidi mimi ndiye niende kuzungumza naye huko nyuma ya tanki.

"Mama Venant, niombee msamaha," akasema, macho chini. "Kwetu mama mkwe haangaliwi usoni, jina lake halitajwi. Nitalalaje chini ya paa lake? Nyie mnataka nipate laana?"

"Na wageni je?"

"Wageni wanalala ninapolala mimi. Ndiyo sheria ya kampuni."

Nilitamani kumcharaza na kandambili. Sisi pia tunaheshimu wakwe, lakini heshima ya kumfungia mtu biashara ndiyo kwanza naiona! Pudensiana alirudi nyumbani, akawagawia watoto wa jirani yule kuku.

Kiangazi kile chote Landirova ilikuwa ikipita. Vyumba vikaanza kunuka popo. Siku moja Pudensiana akaja kwangu kavaa nguo za kanisani, akaniomba nikawe shahidi ofisini kwa mtendaji wa kata. Alikuwa ameamua kumwandikia Angela ile gesti. "Paa likiwa la mke wake, atalala," akasema. Nikamuuliza kama amelala akaota. Akaniambia kitanda kitupu hakina faida kwa mtu yeyote, na Angela ni damu yake.

Manyanda alikubali upesi mno, jambo ambalo hadi leo linaniwasha. Landirova ikaingia getini, nasi tukapiga vigelegele. Pudensiana akabeba ndoo ya maji ya moto kuwapelekea wageni. Mlangoni akamkuta binti yake kanyoosha mikono kushoto na kulia.

"Mama, usiingie. Mume wangu yumo. Nyumba anayolala mkwe, mama mkwe haingii."

Mungu wangu! Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mlango aliuchagua yeye, bawaba alizinunua yeye. Ndoo ikashuka chini polepole, na maji yakapokelewa na binti yake. Kesho yake fundi wa rangi akaja kufuta kibao, maana dereva angewatajiaje wageni jina la gesti ambalo hathubutu kulitamka? Ikawa GESTI YA ANGELA. Pudensiana akabaki kwenye jiko la nje, anapika, sahani zinachukuliwa. Nilipomtazama jikoni mle nililia kwa hasira.

Hali ikawa hiyo mpaka bibi mmoja wa Kizungu akafuata harufu ya wali hadi jikoni. Alitaka kumshukuru aliyepika, akauliza anaitwa nani. Angela, mwenye Kiingereza cha kidato cha nne, alitupa jicho nyumbani alimokuwa mumewe. Kisha akajibu kwamba ni mpishi tu.

Kiingereza cha Pudensiana ni cha stesheni, lakini neno la mpishi alilijua. Aliuweka mwiko chini. Akachukua ndoo, akampita binti yake, akavuka kizingiti, akaingia. Nilikuwa nimeleta foronya, nikaziangusha zote mavumbini. Tukasikia mayowe ya mwanamume, dirisha likafunguka kwa kishindo, na Manyanda akarukia nje, taulo kiunoni, akatua kwenye bustani ya mchicha mbele ya wageni.

Pudensiana akatokeza dirishani. "Nyumba hii nimeijenga mimi," akasema bila kupaza sauti. "Anayeniogopa, atoke yeye."

Angela akaanza kulia. Tulingoja laana, tulingoja ndoa ivunjike, tulingoja Wazungu wafungashe. Hakuna lililotokea. Jioni Manyanda aliiegesha Landirova pembeni mwa uwanja wa gesti, akatandika shuka kiti cha nyuma, akalala humo. Wageni wakalala ndani. Kampuni haikuuliza neno, kwa kuwa dereva alikuwa pale pale walipo wageni, na wazee wake nao hawakuuliza, kwa kuwa gari si paa la mama mkwe. Kila safari ikawa hivyo.

Pudensiana anaingia na kutoka sasa. Lakini karatasi iliyo kwa mtendaji bado ina jina la Angela, na kibao hakijarudishiwa jina lake. Nikiwa kwenye cherehani yangu huwa naitazama ile Landirova uwanjani. Kumbe ile heshima ingeweza kulala garini tangu siku ya kwanza.