Jamaa wa Ngisi Ndani ya Kaunta

Mimi niliishia kidato cha pili, na bado hakuna kinachonipita Kariakoo hii. Juzi nilikuwa mtaa wa Gerezani kwa fundi anayekata mawe ya kaunta, mara akaingia mama wa mgahawa kuchukua jiwe lake. Kulitazama tu, akashika kiuno.

"Fundi, hili lina konokono aliyeganda ndani! Wateja wangu wale juu ya mdudu? Silichukui."

Fundi alitoka jasho. Jiwe limeshakatwa kwa vipimo vya mama, nani mwingine atalitaka? Akawasha grinda, mashine yake ya kusaga mawe, amfute mdudu.

"Subiri!" Dada mmoja wa chuo, mteja mwenzetu, akaweka kiganja juu ya jiwe. "Siyo konokono. Ni jamaa wa ngisi, aliishi baharini mamilioni ya miaka kabla ya binadamu, akafukiwa na matope yakawa jiwe. Ona vyumba vya gamba lake: kila akikua alijenga kipya, akahamia."

Nikacheka. "Dada, ngisi ana gamba wapi? Mimi ndiye mla ngisi mkuu wa soko la samaki la Feri!"

Mama akanigeukia. "Wewe unakula tu, husafishi. Nikimpasua ngisi namtoa kitu kama plastiki. Dada, ndilo gamba lenyewe?"

"Ndilo, mama," dada akajibu. "Mababu zake walilivaa nje. Kizazi baada ya kizazi likaingia ndani, likapungua."

Wasomaji, nilisisimka mpaka nikasahau kujisifu. Miaka yote ngisi anatembea na ushahidi mwilini, mimi namkamulia ndimu!

Fundi akainua grinda tena. Mama akamdaka mkono.

"Thubutu! Ukimgusa huyo, kaunta nakuachia."