Chang'aa ya Kuoshea Santuri

Nikianza kuisimulia habari hii mke wangu huinuka akaenda jikoni, anasema ameshaisikia mara nyingi na bado inamtia haya yeye, mtu ambaye hata hakuwepo. Na mimi mwenyewe, pamoja na miaka yote iliyopita, nikifika pale pa kitambaa nahisi masikio yanawaka moto. Lakini mmeniuliza kwa nini mimi, ambaye sijawahi kuonja pombe maishani mwangu (haki ya Mungu, hata busaa), nikipita Nyamache naitwa Bwana Chang'aa. Basi kaeni, na anayetaka kucheka acheke sasa mapema.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi kijana wa Sironga, karani katika duka la jumla mjini Kisii, mke sina, ng'ombe sina, nina santuri. Wenzangu wakipokea mshahara wananunua mabati, mwingine analipa ada ya mdogo wake, mimi nazunguka kutafuta santuri za jazi na bluzi za watu weusi wa Amerika, zile za tarumbeta na za akina mama wanaoimba kama wamefiwa jana asubuhi. Nilizinunua kwa wazungu waliokuwa wanauza vitu vyao warudi kwao, nikazinunua kwa mafundi wa saa, na moja niliikuta imefunika mtungi wa maji na mwenye nyumba akakataa katakata kuniuzia mpaka nimletee kifuniko kingine. Mama yangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba mtoto wake anakusanya sahani zisizopakuliwa chakula.

Sasa, nilikuwa na utaratibu wangu, na utaratibu huo ndio ulioniangamiza. Sinunui santuri bila kuiosha kwanza, kwa sababu uchafu na mikwaruzo vinafanana, unaweza kuikataa nzuri ukadhani imekwaruzika kumbe ni vumbi la miaka tu. Kwa hivyo natembea na kitambaa cheupe na chupa ya spiriti, ile ya kuoshea vidonda, nalowesha kitambaa, napangusa polepole kufuata mistari, nakiona kilicho chini, ndipo tunaelewana bei. Nilikuwa nimeosha nyingi hivyo na hakuna hata moja iliyowahi kulalamika. (Zote zilikuwa zile za plastiki laini, za siku hizi. Zile za zamani kabisa, ngumu, nzito, zinazovunjika kama kigae, sikuwa nimebahatika kupata hata moja iliyo nzima. Lishikeni hilo, maana mimi sikulishika.)

Iliyo nzima ilikuwa kwa Mzee Nyakundi wa Nyamache. Huyu mzee alipigana Burma katika vita vya Mwingereza, na huko bandarini India askari mmoja mweusi wa Kimarekani akampa santuri kadhaa kama zawadi. Zingine zilivunjika njiani, ikafika moja, ina karatasi ya buluu katikati. Alinipigia siku ya kwanza nilipomtembelea, kwa gramafoni ya kuzungusha mkono, na jamani, ile sauti! Mama mmoja anaimba, nyuma yake piano tu, na maneno sikuyashika mengi lakini nilielewa kwamba huyo mama ameachwa na hajui atapika nini. Nilirudi mjini sijiwezi. Kwa mwaka mzima nikawa namtembelea mzee, namletea sukari na majani ya chai, naye ananiambia, "Hapana, mwanangu. Huyu mama tumezeeka naye."

Halafu kanisa likamchagua awe mzee wa kanisa. Mchungaji akamwambia hawezi kuwekewa mikono na muziki wa dunia umo nyumbani mwake, auchome. Kuichoma mzee hakuweza. Akawabembeleza wamruhusu aiuze kwa mtu mwadilifu, na wakakubali kwa sharti moja tu, mnunuzi asiwe mlevi, ili ile santuri isiishie baa. Mzee akaapa mbele yao kwamba yupo kijana wa Sironga anayemjua, hata harufu ya pombe haijui. Kisha akaniita nije Jumapili, wazee wakiwepo waniangalie kwa macho yao.

Jumamosi jioni natayarisha mkoba, naona spiriti imeisha. Naenda duka la dawa, limefungwa, mwenyewe ni mtu wa Sabato. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, basi kesho nitainunua hivyo hivyo bila kuiosha. Mimi nikajiambia spiriti na chang'aa si ni ndugu? Nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza kwa siri nyuma ya soko.

"Nipe ile kali kabisa, ya kwanza kutoka mtunguni."

Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwani. "Wewe, karani?"

"Si ya kunywa, mama."

"Ehe," akasema, "hata hao wote ndani wanasema hivyo."

Akanitilia kwenye chupa ya soda, akaiziba kwa gunzi la mahindi, nikaificha chini ya kitambaa kama mwizi. Kesho yake nikapanda basi la Nyamache na mkoba nimeupakata, jua linawaka, barabara inaruka, na ile chupa inatikiswa mwendo mzima. Sikuwaza lolote. Nilikuwa nawaza yule mama wa bluzi.

Nyumba ya mzee ilikuwa imejaa. Mchungaji, wazee watatu wa suti, akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vya kichwa, na wengine dirishani waliokuja kuona shetani akitolewa. Viti vimevikwa vitambaa vya kushona, chai iko tayari, ndizi za kuchemsha ziko mezani, na katikati ya meza, juu ya taulo safi, santuri yangu. Mzee Nyakundi akasimama na koti lake la mbele za watu, akaniwekea mkono begani.

"Huyu ndiye niliyewaambia. Mkimkuta na pombe, msiniwekee mikono mpaka nife."

Yaani alisema hivyo hivyo. Mchungaji akasema basi tuombe kwanza. Tukafumba macho, mkoba nimeuweka miguuni, na katikati ya maombi, pale mchungaji aliposhusha sauti akawataja wajane na yatima, gunzi likatoka.

Po!

Na si kutoka tu, liliruka likagonga uvungu wa meza. Nikadhani labda Mungu atanisaidia wadhani ni kiti. Lakini harufu ikapanda. Ile ya kwanza kutoka mtunguni, jamani, haiingii chumbani kwa adabu. Mchungaji akaendelea kuomba lakini maneno yakawa yanapungua, "Baba... tunakuja... mbele zako...", kisha yakakatika kabisa. Nilipofumbua macho, watu wote walikuwa wamefumbua siku nyingi, na wote wananiangalia mimi.

"Yaaye tata!" mama mmoja akasema, akajifunika pua.

Mzee mmoja wa suti akainama, akautoa mkoba wangu, akainua ile chupa juu, inatoa povu. Mimi nilimtazama Mzee Nyakundi. Mkono wake ulikuwa umeshaondoka begani mwangu, naye ameketi, anaangalia sakafu, na nikajua kwamba neno lake la kiapo limekufa hapo hapo, na cheo chake nacho, na mimi ndiye niliyekiua.

"Si ya kunywa!" nikapiga kelele. "Ni ya kuoshea santuri!"

Wacha wee! Vicheko vya uchungu vikatoka, yule wa suti akasema katika miaka yake yote ya kushughulika na walevi hajasikia uongo mpya kama huo. Mchungaji alikuwa mtu wa haki, akainua mkono. "Kama ni ya kuoshea," akasema, "osha tuone."

Ningeweza kusema ngoja. Ningeweza hata kuungama dhambi nisiyoifanya, nikatubu, nikasamehewa, nikanywa chai. Lakini nilikuwa na uchungu wa kusingiziwa, tena kwa ajili ya mzee, na nilikuwa na hakika kabisa na kazi yangu. Nikatoa kitambaa cheupe, nikakilowesha mbele ya mashahidi wote, nikaanza kupangusa polepole kufuata mistari.

Kitambaa kikawa cheusi papo hapo.

"Mnaona?" nikasema. "Mnaona uchafu huo?"

Na walioona wakaona kweli. Akina mama wakasogea, mmoja akasema, "Kumbe!" Mchungaji akavaa miwani. Nikapata nguvu, nikageuza kitambaa upande wa pili, nao ukawa mweusi zaidi, nikawaeleza hii ni santuri ya miaka mingi, ina vumbi la Burma, la meli, la moshi wa jikoni, nikawa nahutubia jamani, mimi karani! Na ili niwamalize kabisa nikaishika chupa nikaimimina yote, mpaka tone la mwisho, juu ya santuri.

Nikapangusa. Kitambaa kikanasa. Nikakivuta, kikaja na nyuzi nyuzi nyeusi, kama lami ya barabara wakati wa jua. Nikatazama mistari, mistari hakuna. Ile karatasi ya buluu ikateleza kutoka katikati ikaja mpaka ukingoni, na vidole vyangu vilikuwa vimezama ndani ya santuri, yaani naviona vimeacha alama, vitano vyote. Nilijua kinachotokea na mikono yangu bado ilikuwa inapangusa, haikuwa imepata habari.

(Baadaye sana fundi mmoja wa gramafoni alinieleza kwamba zile za zamani hazikuwa plastiki, zilitengenezwa kwa gundi ya wadudu fulani, na gundi hiyo ikikutana na kileo inayeyuka. Aliniambia kama jambo ambalo kila mtu analijua.)

Aliyesema kwanza ni yule mama aliyejifunika pua. "Mchungaji," akasema, "kijana si mlevi. Mlevi gani anaweza kumwaga chupa nzima asibakize hata ya kulamba?"

Wakatazamana, na hoja ikakubaliwa na wote, hata yule wa suti. Nikawa nimetakaswa! Neno la Mzee Nyakundi likasimama, cheo chake kikapona, watu wakanipa mikono, nami natoa mkono wangu wenye lami nawachafua mmoja mmoja. Nadhani nilikuwa natabasamu, sijui kwa nini.

Mzee mwenyewe hakunipa mkono. Alikuja mezani, akainama, akaitazama ile sahani iliyojikunja, akaigusa kwa kidole kimoja.

"Sasa Momanyi," akaniuliza, taratibu kabisa, bila hasira, "yule mama amekwenda wapi?"

Nikamwonyesha kitambaa.

Mngedhani mkasa umeishia hapo, nami niende nyumbani nikalie. Hapana. Mchungaji aliichukua ile santuri. Jumapili iliyofuata aliiinua mimbarini mbele ya watu wote, akasema, ndugu zangu, kama chang'aa inaweza kuyeyusha kitu kigumu kama hiki, maini yako wewe yatasalimika? Kanisa likaitika kwa kishindo. Mahubiri yale yakawa matamu kiasi kwamba makanisa mengine yakamwalika, akazunguka nayo Nyamache yote, akavuka mpaka kwingine, na kila mahali anamtaja kijana wa Sironga aliyemimina chupa. Walevi kadhaa waliacha pombe. Niliambiwa hivyo na watu waliotaka kunifariji.

Ilipita kama mwaka mmoja, moyo ukapoa, nikasikia kwamba Nyamarambe kuna mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mpenda jazi, na mzungu alipoondoka alimwachia sanduku la santuri za zamani, zile ngumu, zote nzima. Sanduku zima! Sikulala. Nilifika kwake kabla umande haujakauka, sina chupa, sina spiriti, nina kitambaa kikavu tu. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Yule mama akafurahi sana, akaingia ndani, akatoka na karai.

Ndani ya karai kulikuwa na donge jeusi, kubwa kama mkate wa harusi, na vipande vya karatasi za rangi rangi vimenasia humo.

"Mchungaji alitufundisha," akasema kwa fahari. "Tukasema tujaribu wenyewe, tuliziloweka zote. Ni kweli kabisa, mwanangu! Vijana wangu wawili wameacha kunywa."

Kisha akasema hata kwa jirani walijaribu, na kwa mwalimu kule ng'ambo ya mto, na kila nyumba iliyokuwa na sahani ngumu za zamani imejaribu. Nikaketi chini, kwenye nyasi zenye maji, na suruali yangu ya kazini. Mimi peke yangu, kwa kitambaa kimoja, nilikuwa nimezimaliza santuri zote nilizokuwa nikizitafuta, hata zile ambazo nilikuwa sijasikia habari zake.

Yule mama aliniona nalengwalengwa na machozi, akanionea huruma, akaja akachuchumaa karibu yangu na karai lake. "Pole, mwanangu," akasema. "Marehemu alikuwa hazipigi, alikuwa anazifuta vumbi tu. Kwani mlikuwa na nini ndani yake?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Nikajaribu kumwimbia kidogo ule wimbo wa yule mama wa Mzee Nyakundi, na sauti yangu mnaijua, akanitazama kwa adabu mpaka nikanyamaza. Siku hizi santuri zangu naziosha kwa maji na sabuni, peke yangu, mlango umefungwa kwa komeo, na mtu akinisingizia kwamba nimelewa, namwambia ndiyo ndugu yangu, nimelewa sana, nisaidie kufika nyumbani.