Mche Ulioandikwa Poivron

Harufu ya pilipili ikikaangwa katika mafuta ya mawese ndiyo iliyotujulisha kuwa jioni imeingia katika kambi yetu ya wafanyakazi, Élisabethville. Ilitoka kila jiko ikavuka nyua za matete, watu wakapiga chafya huku wakicheka. Kwetu tu haikutoka. Mama alikuwa mgonjwa wa tumbo, na daktari alimkataza pilipili kabisa. Mimi, binti mdogo wa kumpelekea sahani, nilimwona akimega bukari, ugali wetu, akichovya katika sombe ya majani ya muhogo, kisha akitafuna kama mtu aliyelishwa udongo. Mama yangu, mtu wa kaskazini, aliyezoea kula bukari kwa mkono mmoja na pilipili mbichi kwa mwingine! Kila siku alibakiza zaidi.

Baba alimpenda, hilo nalisema mapema. Siku moja alirudi kutoka kwa mzungu mmoja aliyeuza miche mjini, amebeba mche ndani ya kopo, umefungiwa kibao cha bati: poivron doux. Aliambiwa ni pilipili isiyowasha, yenye harufu tu. Mama alifurahi hata akatoka nje kuupanda mwenyewe, akawa anaumwagilia maji yaliyooshewa mboga. Majirani walipochungulia na kuuliza mgonjwa anapanda nini, aliwajibu: pilipili usiyoila yakuwashiani? Tulikuwa hatujasikia utani wake kwa muda mrefu.

Mche ulipozaa, shangazi Numbi, dada yake Baba, alikuja kutusalimu. Aliinama akatazama vile vitunda vyembamba vilivyosimama wima.

"Kaka, hii haiko poivron. Poivron inaangaliaka chini, hii inaangalia juu. Iko pilipili ya kweli."

"Lakini banaandika pa kibao!" alisema Baba.

Katika kambi ile, kilichoandikwa kwenye bati hakikubishiwa. Baba mwenyewe aliingia kazini kwa kibati chenye namba, na bila hicho hakutambuliwa. Shangazi alichuma kimoja, akang'ata ncha, machozi yakamtoka, akampa Baba kilichobaki. Baba naye aling'ata.

Mama alisikia yote kutoka mkekani. Hakusikitika hata kidogo.

"Baba Ngoie," alimwita kwa jina langu, "unipe moja tu. Niisikie mu kinywa."

Baba aliung'oa mche na mizizi yake, akautupa motoni. Moshi ulitukohoza sote, tukakimbia nje. Mama peke yake alibaki mkekani, wala hakuziba pua. Wahenga husema mgonjwa haulizwi uji. Wetu aliomba mwenyewe, akanyimwa. Mvua za mwaka ule hazijaisha, tulimzika.

Sasa mimi ni bibi, nakaa mtaa wa Katuba, na mji ule ule sasa unaitwa Lubumbashi. Mjukuu wangu ni muuguzi. Juzi nilimsimulia ugonjwa ule: kukonda, uvimbe chini ya mbavu, macho ya manjano. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono.

"Nkambo, ule bugonjwa haukukuwa na dawa ile wakati. Siku hizi muntu wa vile tunamupa chenye anapenda. Pilipili haingemuua."

Nililia kama siku ya mazishi. Nimemlilia Mama, na nimemlilia Baba, aliyefanya vile kwa kumpenda na hakugusa pilipili tena mpaka naye akafa. Miaka yote hii nilijituliza kwamba alimnyima ili apone. Kumbe angekula tu.