Kupeleka Jibu la Damu Mnyambe

Niliondoka Dar es Salaam kwa aibu. Kwa miezi miwili majibu ya maabara yalikuwa yamekaa kwenye droo yangu, kwa sababu utafiti wangu wa uvimbe wa ubongo haukuyahitaji. Nilikuwa natafuta ukoo unaorithishana ugonjwa huo, nikaamini nimeupata Mnyambe, wilaya ya Newala. Mama Somoe alikuwa ametolewa uvimbe kichwani hospitalini kwetu, na dada yake alikufa akilalamikia kichwa. Nikachukua damu yake na ya binti yake Somoe, aliyekuwa anamuuguza, nikaituma pamoja na kipande cha uvimbe kwa wenzangu ng'ambo.

Jibu lilikuwa fupi: hitilafu iko kwenye uvimbe tu, kwenye damu haimo. Maana yake haikurithiwa. Nikaona kazi ya miaka mitatu imekwenda bure, nikafunga droo. Kisha Somoe akaniandikia barua: "Mama Neema, posa yangu imesimama. Mjomba anasubiri neno lako juu ya damu yetu."

Siku ya kwanza tulikwama Ndundu tangu asubuhi hadi alasiri tukingoja kivuko cha Rufiji. Siku ya pili tulisukuma basi mara mbili kwenye tope, tukaingia Masasi jioni tukiwa wekundu kama matofali.

Masasi ilikuwa imebadilika. Chini ya vilima vyake vya mawe, wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wamepanga mizani, na mitumba ilirundikwa hadi barabarani. Mama mwenye nyumba ya wageni aliniuliza, "Na wewe umefuata korosho?"

"Nimefuata familia moja, Mnyambe."

"Basi wewe peke yako," akacheka.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, pikapu ilipanda hadi uwanda wa juu wa Newala, hewa ikawa ya baridi, kisha ikanishusha Mnyambe kati ya mikorosho. Mama Somoe alikuja kunipokea akitembea mwenyewe, bila fimbo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Neema. Karibu. Mbona umekonda?"

Mjomba wa Somoe, Mzee Chitanda, alinikalisha mkekani. "Daktari, posa niliisimamisha mimi. Siwezi kuwapa watu mtoto huku nimewaficha jambo."

Kabla sijajibu, Somoe akasema taratibu, "Kichwa kinaniuma tangu mwezi wa Ramadhani."

Jibu la damu halimkingi mtu na kila kitu. Nilimwingiza ndani kwenye giza, nikatoa kitochi cha kupimia macho. Uvimbe ukikua kichwani, mara nyingi mshipa ulio nyuma ya jicho nao huvimba. Nilitazama jicho la kulia, la kushoto, nikarudia la kulia. Mishipa yote miwili ilikuwa safi. Nikamtembeza, nikampima nguvu za mikono, sikuona kasoro.

"Unalala?"

"Silali. Nikijilaza nakiwaza kichwa cha mama."

Tulipotoka niliwaambia majibu: ugonjwa wa mama haukutoka kwenye ukoo, na kwa Somoe sijaona dalili yoyote. Mama Somoe alijifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika. Kisha akauliza, "Na wangu utarudi?"

"Sijui, mama. Kwa sasa sioni dalili."

"Basi wangu nitaubeba. Mwanangu ndiye aliyekuwa ananilemea."

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia kuwa jibu lilifika miezi miwili nyuma.

"Miezi miwili?" akauliza Mzee Chitanda. "Umekuja mwenyewe, tunashukuru. Lakini siku nyingine, daktari, fanya haraka."

Mchana tulikula ugali wa muhogo na mbaazi. Somoe alipitiwa na usingizi palepale mkekani, mkono bado una ugali, na mama yake akatukataza kumwamsha. Mzee Chitanda alivaa koti lake, akaenda kwa wakwe.

Nilirudi Dar kwa safari ya siku tatu, nikasinzia karibu njia nzima. Utafiti wangu niliuanza upya na familia nyingine, na mengi niliyoyapata baadaye yameandikwa. Lakini utaratibu niliojifunza Mnyambe haumo kwenye maandishi hayo: jibu likifika, kabla sijafikiria linanifaa au halinifai mimi, namtafuta kwanza mwenye damu.