Fundi Herufi na Mshipa Ulioziba

Walimwita Fundi Herufi. Katika barabara ile hakukuwa na duka ambalo jina lake halikupita mkononi mwake. Alikuwa mnene, mcheshi, na vidonge vya presha alivimeza akijisikia vibaya tu.

Asubuhi moja alikuwa juu ya ngazi akiandika ukutani mwa duka la dawa. Mkewe, aliyemshikia ngazi, akaona herufi R imelala ubavu.

"Baba watoto, hiyo nini?"

Akajibu, lakini maneno yalitoka yamevurugika. Brashi ikamponyoka. Alipogeuka, mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja.

Mke akapiga kelele, mwenye duka akatoka mbio, wakamteremsha pamoja.

"Shemeji, hiki ni kiharusi. Kimemwanza saa ngapi?"

"Sasa hivi. Saa tatu na robo."

"Usiisahau hiyo saa. Twende, gari langu hili hapa."

Hospitalini, saa ndiyo iliyoulizwa kwanza. Akapigwa picha ya kichwa. Daktari akarudi kwa hatua ndefu: hakuna damu iliyovuja, ila donge la damu limeziba mshipa wa ubongo. Ipo dawa ya kuliyeyusha, ina hatari zake, lakini wamewahi.

"Mpe," mke akasema, hata kabla daktari hajamaliza.

Akakaa kando ya kitanda, macho kwenye mkono uliolala kama gogo. Kabla ya adhuhuri kidole gumba kikacheza. Akadhani macho yanamdanganya. Kikacheza tena, kikafuata cha pili, kisha mkono mzima ukakunja ngumi!

"Mama watoto," mgonjwa akasema taratibu, "nina njaa."

Mke akacheka huku machozi yakimtiririka.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwaeleza kuwa lehemu, mafuta yaliyomo kwenye damu, ilikuwa juu mno na imeganda kwenye kuta za mishipa. Presha nayo ikachochea.

"Mambo haya hutembea kwenye ukoo. Ndugu zako nao wapimwe."

Kaka yake, mwembamba kama ufito, alikwenda akitania: "Mimi mafuta yatakaa wapi?"

Majibu yakatoka: lehemu yake ilizidi ya mdogo wake.

Sasa wote wawili wanameza dawa kila siku na kutembea kila asubuhi. Fundi bado anaburuta mguu kidogo, lakini wakifika kwenye kilima huongeza mwendo, akamwacha kaka yake nyuma anahema.