Drafti ya Viraka

Miaka ile marobota ya mitumba yalipoanza kufunguliwa mnadani Bariadi, watu wakaacha kushonesha suruali, naye fundi cherehani mmoja wa hapo akaanza kuzikatakata suruali hizo hizo za mitumba na kushona mifarishi ya viraka, matandiko ya kitanda. Kila mfarishi ulikuwa mchezo: mmoja isolo, bao la Wasukuma, wenye mashimo ya duara, mwingine karata, na mingi zaidi drafti, aliyoipenda sana ingawa alifungwa kila jioni. Kila kiraka alikinyoosha kwa kiganja mara mbili kabla ya kukishona, huku akijicheka na pini zikiwa mdomoni: "Mtu anayefungwa na watoto wa shule, leo ndiye mchora drafti!"

Safari moja alijishonea wake mwenyewe. Kete zake nyeusi alizitawanya katikati, pamoja na kingi mmoja, kete kubwa inayokwenda mbele na nyuma. Nyeupe za jirani yake Luhaga, mnunuzi wa pamba, akazibana pembeni. Alitamani amshinde mara moja tu, hata kwa uzi. Akautundika ukutani, akamwita.

Luhaga alitazama kwa utulivu, kisha akanyoosha kidole. "Zamu ya nani, bhabha?"

"Yangu."

"Basi kula hapa. Kula ni lazima. Ukishakula, mimi nazila hizi zote, na kingi wako juu."

Fundi alikifuata kidole kile kiraka kwa kiraka hadi mwisho, akaangua kicheko.

"Ndugu yangu, pande zote mbili nimezishona mwenyewe, na bado nimefungwa!"